Mpira wa mikono Nyanda za Juu Kusini: wachezaji wetu wanakwenda wapi baada ya kidato cha nne?

Mwalimu wa Mafinga

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya kutwa karibu na Mafinga, na kwa miaka sita sasa nawafundisha wasichana mpira wa mikono. Magoli tuliyajenga wenyewe kwa miti ya milingoti, upana mita tatu na kimo mita mbili kama kanuni zinavyotaka, tukayapaka nyekundu na nyeupe kwa kupokezana. Mistari tunaichora kwa chokaa, na mvua ikiifuta tunaichora upya. Mwezi wa sita, baridi ya asubuhi inapokuwa kali, mabinti huanza mazoezi kwa kusugua viganja na kupasiana taratibu wakiwa wamesimama, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havishiki mpira.

Linaloniumiza si vifaa. Kila mwaka namfundisha msichana mpaka anaweza kuruka kutoka nje ya mstari wa mita sita, akamsubiri kipa aegemee upande mmoja, naye angali hewani, ndipo aachie mpira upande wa pili. Kisha anamaliza kidato cha nne, na mchezo wake unaishia hapo hapo. UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, ndiyo mashindano yake ya mwisho maishani. Mwenzake wa soka atatafuta timu mtaani, na wa netiboli anaweza kubahatika kuajiriwa kwenye taasisi yenye timu, lakini huyu wangu hana mahali popote pa kwenda. Mmoja wao, ambaye nilimwona akifunga mabao tisa katika mchezo mmoja wa ngazi ya mkoa, sasa anauza viazi sokoni, na kila tukikutana swali lake ni lile lile: "Mwalimu, timu imepatikana?"

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Tukitaka timu ya taifa ipate wachezaji kutoka Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, tuanzie wapi, na nani abebe mzigo huu wakati shule imekwisha kufanya sehemu yake?

Kipa wa zamani, Uyole

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa kazi kubwa. Jibu langu ni klabu, na klabu hiyo izaliwe kwenye uwanja huo huo ulioujenga. Wahitimu wako wafanye mazoezi jioni, wanafunzi wakishamaliza, kwa makubaliano ya maandishi na mkuu wa shule kuhusu saa, usafi na nani anatunza mipira. Timu ina wachezaji saba uwanjani, hivyo ukiwa na wahitimu kumi na wawili wanaokuja bila kukosa umekwisha kupata klabu.

Tazama Angola. Timu yao ya wanawake, iliyofika robo fainali ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, haikuokotwa mashuleni wiki mbili kabla ya safari. Ilitokana na wachezaji wanaoshindana mwaka mzima katika klabu, Petro de Luanda na Primeiro de Agosto zikiwa mbele. Sisi tunafanya kinyume, kwani tunaita kambi kwanza, halafu tunauliza wachezaji wako wapi.

Usiache kusajili. Nenda kwa afisa utamaduni na michezo wa wilaya ukiwa na katiba fupi na majina ya viongozi, kwa sababu klabu isiyosajiliwa haina kiti kwenye chama cha mkoa, na mkoa ambao chama chake hakiko hai hauna wa kuusemea kule TAHA, chama cha mpira wa mikono cha taifa.

Mwamuzi, Iringa mjini

Ninakubaliana na kaka wa Uyole kuhusu klabu, lakini klabu bila waamuzi ni ugomvi wa kila Jumamosi. Nilishuhudia fainali moja ya shule ambapo mwamuzi aliinua mkono kuonya mchezo wa kuchelewesha, kisha akaruhusu pasi sita kama alivyofundishwa zamani, ilhali tangu Julai 2022 kanuni inaruhusu pasi nne tu baada ya onyo. Bao lilipatikana kwenye pasi ya sita, timu ya pili ikagoma, na wazazi waliokuja kutazama mchezo huu kwa mara ya kwanza wakaondoka wakiamini kwamba hauna sheria. Sitamlaumu yule mwamuzi, maana hakuna aliyemwita kwenye semina.

Wako wahitimu wenye akili ya mchezo ambao goti au kazi haviwaruhusu tena kucheza. Wafundishwe filimbi na kujaza karatasi ya mchezo. Mchezo mmoja unahitaji waamuzi wawili na watu wawili mezani, mtunza muda na mwandishi, kwa hiyo nafasi zipo.

Dada wa Tukuyu

Naomba niseme jambo ambalo halijaguswa, nalo ni nauli. Tumewahi kuwa na timu nzuri ya wasichana hapa Rungwe. Ilikufa kwa sababu mpinzani wa karibu alikuwa mbali na kila mchezo ulihitaji kukodi kosta. Ligi ya nyumbani na ugenini hatuiwezi. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na hakuna mzazi atakayechangia safari hiyo kila wiki mbili.

Pendekezo langu ni kukutana Makambako, ambako ni karibu katikati, barabara ya Songea inaungana na ile kuu, na reli ya TAZARA inapita. Mara nne kwa mwaka, wakati wa likizo, timu sita zilale kwenye mabweni ya shule, zipike pamoja, na zicheze michezo mitano kila moja kwa siku mbili na nusu. Vipindi vya dakika 30 vipunguzwe kuwa vya dakika 15, la sivyo mabega yataumia. Kila timu ya wasichana ije na mama mmoja mwenye jukumu la bweni, jina lake likiwa kwenye barua ya mzazi. Bila hilo, Mwalimu, wazazi wa huku hawataruhusu, na wana haki.

Mwalimu wa Mafinga

Marahaba kaka, na asanteni nyote. Nimekwisha kuzungumza na mkuu wa shule, naye amekubali tuanze na Jumanne na Alhamisi jioni. Yule wa sokoni nimempelekea habari mwenyewe. Aliuliza kwanza kama anaweza kuja na mtoto, nikamwambia aje naye.

Kuhusu Makambako, Dada, kinachonitia shaka ni uwanja. Shule nyingi zina uwanja wa netiboli, ambao una mita 30.5 kwa 15.25, wakati sisi tunahitaji mita 40 kwa 20 pasipo mteremko. Je, unaifahamu shule ya huko yenye eneo hilo, ili nipite kulipima nikiwa safarini kwenda Njombe mwisho wa mwezi?