Mama ana sayatika na kazi yake ni kuanika dagaa Kibirizi: mazoezi afanye kiasi gani?

Binti_Ujiji
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama yangu ana miaka 58, anaanika na kuuza dagaa pale Kibirizi, Kigoma, mwaloni mitumbwi inaposhushia samaki. Mguu wa kulia unamwaka kuanzia kalioni, nyuma ya paja hadi unyayoni, na vidole viwili vya mwisho vina ganzi. Huu ni mwaka wa pili. Hospitali wamesema ni sayatika, diski (kile kisahani laini kati ya pingili za mgongo) inagusa mshipa wa fahamu. Amepewa dawa ya amitriptilini ya kumeza usiku na karatasi ya picha za mazoezi, ila haisemi afanye kiasi gani. Akiamka vizuri anayafanya yote, halafu siku mbili tatu hainuki. Akiacha wiki nzima, anakakamaa. Aanzie wapi, na atajuaje amezidisha?

Mkazi_wa_Gungu
Asiogope maumivu. Ainame ashike vidole vya miguu, ahesabu mpaka 60, kila asubuhi. Mshipa utalegea wenyewe.

FizioMwanga
Hapana mkuu, hilo litamuumiza. Msuli ukivutwa na kushikiliwa hulegea. Mshipa wa fahamu una vijishipa vidogo vya damu ndani yake, na ukivutwa sana ukashikiliwa damu inabanwa, ndipo ganzi na moto vinapozidi. Mshipa uliokwishakasirika unataka kuteleza, yaani uende na urudi.

Binti, mwambie mama alale chali kwenye mkeka. Apitishe kanga nyuma ya paja la kulia na kulivuta mpaka lisimame wima, goti likiwa limekunjwa. Anyooshe goti taratibu hadi pale anapoanza kuhisi kuvutwa kidogo, kisha akunje papo hapo bila kushikilia. Sekunde 2 kwenda, 2 kurudi. Mara 6, asubuhi na jioni, basi. Kosa linalowaponza wengi ni kukunja unyayo kuelekea usoni wakati goti linanyooka, maana hapo mshipa unavutwa zaidi. Unyayo ulegee tu.

Ya pili ni ya kukaa kwenye stuli: akinyoosha goti atazame juu, akilikunja atazame chini. Shingo inalegeza mshipa upande wa juu wakati mguu unauvuta upande wa chini. Akichanganya, akanyoosha mguu huku kainamisha kichwa, amegeuza dawa kuwa sumu. Kwa hiyo aanze na ile ya mkeka, hii ya stuli ingoje wiki mbili.

Kuhusu kiasi, tatizo la mama ni kwamba anapimwa na maumivu: yakipungua anafanya yote, yakizidi anaacha yote. Kipimo kiwe saa. Kwa siku tatu, apime dakika anazotembea kabla mguu haujaanza kuongeza moto. Tuseme 14, 8 na 11. Wastani ni 11. Aanze na dakika 8 au 9, kila siku, asizidishe hata siku anayojisikia mzima. Hiyo siku nzuri ndiyo hatari zaidi. Wiki ikiisha salama, aongeze dakika moja.

Amezidisha kama maumivu yamepanda kwa zaidi ya alama 2 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, au hayajarudi pale yalipokuwa ndani ya saa moja, au asubuhi inayofuata yako juu kuliko jana. Hiyo ya asubuhi msiidharau, mshipa wa fahamu huchelewa kulalamika. Ikitokea, asilale kitandani: apunguze kila kitu nusu kwa siku mbili tatu, kisha arudie kiwango cha wiki iliyotangulia.

Jambo moja huwachanganya watu. Moto ukitoka unyayoni ukapanda hadi kalioni au kiunoni, hata kama kiuno kinauma kidogo zaidi, ni dalili njema. Ukishuka kuelekea vidoleni, zoezi hilo liachwe.

Mwalo_Kibirizi
Fizio kasema vizuri ila kasahau kazi yenyewe. Mitumbwi ya taa inarudi alfajiri, kwa hiyo mama anainama mchangani mara tu baada ya kuamka. Saa ile ya kwanza diski zimejaa maji baada ya kulala usiku kucha, na kuinama kunaziumiza kuliko saa nne. Aamke mapema, atembee kidogo kabla ya kugusa dagaa, na atandaze akiwa amepiga goti moja chini. Beseni lisijae, agawe mara mbili. Dakika 10 za kutandaza, kisha asimame anyooke dakika 2.

Halafu kuna mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa taa hawaingii ziwani, mama anashinda amelala. Giza likirudi anainama kutwa. Kwa hiyo siku za mbalamwezi asiache zile dakika zake za kutembea hata kidogo.

DuraKasulu
Naongeza la dawa. Amitriptilini si ya kumeza siku mguu unapouma tu, ni ya kila usiku, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Kwa kuwa anaamka alfajiri, amwulize daktari kama anaweza kuimeza saa moja au saa mbili usiku ili usingizi usimfuate mwaloni. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kizunguzungu chake huangusha watu. Asiiache ghafla.

Msingoje tarehe ya kliniki kama: ganzi imeingia sehemu za siri au makalioni, mkojo unagoma au unatoka bila kujua, choo kimeshindwa kuzuilika, miguu yote miwili inalegea, au unyayo unaburuta. Mpelekeni Hospitali ya Maweni siku hiyo hiyo, hata usiku.

Binti_Ujiji
Nashukuru sana. Kuchuliwa na mafuta ya moto je? Na wengine mwaloni wana chanja, zile meza za wavu za kuanikia dagaa, kuna unafuu?

FizioMwanga
Kuchua polepole kiunoni na kalioni hakuna ubaya, ila asikandamizwe katikati ya kalio, mshipa unapita hapo. Mafuta yawe vuguvugu, na unyayoni asipake ya moto kabisa: penye ganzi ataungua bila kuhisi.

Mwalo_Kibirizi
Chanja ndiyo dawa ya kazi hiyo. Kimo kifike kwenye mkanda wa kiuno chake, si cha fundi. Upana usizidi sentimita 60 kama anafikia upande mmoja, la sivyo atakuwa anainama juu ya wavu badala ya mchangani. Akiweza kuzunguka pande zote, mita moja inatosha.