Kundi linakatika wiki ya tatu: walimu wa mazoezi mliokaa sana kwenye kazi, kozi haikusema nini?

Chake_Alfajiri
Assalaam alaykum wenzangu. Kundi ni la watu 18, Chake Chake, saa kumi na nusu jioni, kila wiki siku mbili uwanjani na moja pwani. Wengi ni wa makamo, wake kwa waume. Wawili wana kisukari, wanne wanalalamika magoti. Wiki ya kwanza wote wapo, ya tatu wanabaki saba. Misuli na mifupa kozini tumesomeshwa vya kutosha. Nauliza yale ambayo mtu huyajua baada ya miaka ya kusimama mbele ya watu: wanaondoka kwa nini, na mwalimu abadilishe nini kwanza? Maneno ya kutiana moyo ninayo, naomba vipimo.

Daftari
Waalaykumu salaam. Wewe unawakosa wiki ya tatu, lakini wamekatikia siku ya kwanza. Mwalimu mgeni anataka watu watoke jasho waone pesa yao imefanya kazi, basi mtu ambaye miaka kumi hajachuchumaa ila chooni anapigishwa skwati 60. Maumivu ya misuli hayaji pale pale. Yanaanza kesho yake, na kilele ni kati ya saa 24 na 72. Siku ya kurudi uwanjani ndiyo siku anayoingia chooni kwa kushika ukuta. Atajikaza mara mbili tatu kwa haya tu.

Wiki mbili za mwanzo toa mazoezi manne, seti 2 za mara 8, na kila seti aimalize akihisi angeweza kuongeza tatu au nne. Watalalamika kuwa ni mepesi, waache walalamike. Wiki ya tatu seti 3. Akifika mara 12 bila kuharibu mkao, hapo ndipo uongeze uzito. Vyuma si lazima: dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, likijaa mchanga mkavu linakaribia 8. Lakini lijae mpaka mdomoni. Dumu la nusu maji yake yanacheza, na kiwiko na kifundo cha mkono vinayumba kuyafuata.

Halafu nunua daftari, ukurasa mmoja kwa mtu: tarehe, zoezi, idadi, amelala muda gani. Mizani iweke mbali. Chumvi ya urojo wa jana na maji yaliyobaki mwilini vinaisogeza kilo moja hadi mbili, mtu akaona wiki nzima imepotea. Pima kiuno kila wiki nne, asubuhi kabla ya chai: utepe upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa watu wazima nakushauri kipimo kingine kabisa: kuinuka kwenye sijda bila kuegemea mkono. Hicho wanakikuta mara tano kwa siku, huna haja ya kuwakumbusha.

Kusi
Mie nasemea pwani. Hukusema siku yenyewe unaichaguaje, na kama ni Jumamosi kwa Jumamosi basi nusu ya mwezi unafundisha pasipo na uwanja. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne. Saa kumi na nusu jioni umebakiwa na kipande cha mchanga mkavu, laini, tena kina mteremko. Kisigino kinazama, shavu la mguu linavutika kupita kiasi, na kesho mtu anakwambia kano ya kisigino inawaka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyo hiyo bahari iko mbali na mchanga umeshikana vizuri. Panga siku ya pwani kwa kuutazama mwezi mbinguni, usipange kwa wiki.

Hata mchanga mgumu una mteremko. Ukiwakimbiza upande mmoja tu, mguu wa baharini uko chini muda wote na nyonga inalipa. Nusu ya njia wageuze warudi.

Jambo dogo linaloua walimu wengi: sauti. Simama upande upepo unakotoka, ukupige mgongoni uwapelekee maneno. Na zoezi lionyeshe mara tatu, kisha tembea kati yao. Ukifanya zote pamoja nao, magoti yako yatakwisha kabla ya yao, na wala hutaona nani anakosea.

MamaMazoezi
Daftari la mwenzetu zuri, ila lisisomwe mbele ya watu. Kiuno cha mke wa mtu hakitangazwi uwanjani. Na akikosa mara mbili mfululizo, mpigie simu kabla ya ya tatu. Usimtaje kwenye kundi la WhatsApp, ataona haya na hatorudi kabisa. Kwa wanawake, ukipata ua uliozungukwa na mwalimu wa kike, na simu zikawekwa pembeni zisipige picha, nusu ya tatizo lako limeondoka.

Hao wawili wa kisukari wanahitaji utaratibu wao. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari apime kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L) ale tende tatu, asubiri dakika 15, apime tena. Wewe mwenyewe uwe na tende au sukari mfukoni, usitegemee yeye atakumbuka. Jasho la baridi, kutetemeka, kujibu maneno yasiyoelekea: simamisha hapo hapo.

Ramadhani usivunje kundi. Dakika 30 za mazoezi mepesi zinazomalizika karibu na adhana ya magharibi, au baada ya tarawehe kwa wanaotaka uzito. Seti zipunguze nusu, uzito ubaki ule ule. Kwa mwezi mmoja nguvu haipotei. Wa insulini waje baada ya kufuturu tu, tena kwa ruhusa ya daktari wao, na sukari ikishuka chini ya 3.9 mchana, afungue.

Na wale wanaojaa baada ya bonanza la mazoezi la Januari 1, wapokee, lakini usinunue mikeka mipya kwa ajili yao.

Chake_Alfajiri
Ahsanteni sana. Sasa nimejua kwa nini ile Jumamosi ya mwezi mpevu ilikuwa balaa. Na hao wanne wa magoti, niwatoe kwenye skwati?

Daftari
Usiwatoe, wapandishie. Tafuta baraza lililo juu kidogo ya goti. Miguu upana wa mabega, vidole vimetoka nje kidogo. Arudishe makalio nyuma kama anayetafuta baraza gizani, ashuke kwa hesabu ya tatu, aguse, asijibwage, ainuke. Magoti yafuate vidole vya miguu. Yakiingia ndani, mfungie kanga juu ya magoti umwambie aisukume nje. Seti 2 za mara 6. Baraza likiwa refu mno ni rahisi, likiwa fupi atajirusha kwa mgongo. Kiti cha plastiki kwenye sakafu laini usikitumie, kitakimbia.

Maumivu ya 3 kwa 10 yanayotulia kufika asubuhi yanaruhusiwa. Goti lililovimba, lililokwama au linalomwangusha, huyo aende hospitali kwanza.

Na wasije na malapa.