Mjadala: Perry Mason na Della Street, bosi na katibu wake tu, au kuna jambo?

Mtoa mada:
Wadau, nimemaliza kuangalia upya ile tamthilia ya zamani ya wakili Perry Mason, ya kituo cha runinga cha CBS cha Marekani, 1957 hadi 1966. Vipindi 271. Raymond Burr ndiye wakili, Barbara Hale ndiye Della, katibu muhtasari wake. Wanakula pamoja usiku, wanafuatilia mashahidi pamoja, simu ikilia saa nane za usiku Della yuko macho na daftari lake. Kesi ikiisha wanakaa na mpelelezi wao Paul Drake, mtu anauliza "ulijuaje?", Mason anaeleza, basi. Kila mtu kwake.

Wengi husema kutojua ndio utamu wenyewe. Mimi nasema jibu lilikuwepo vitabuni, runinga ikalimeza. Katika riwaya za Erle Stanley Gardner, zilizoanza 1933, Mason anamposa Della zaidi ya mara moja, na Della anakataa. Si kwamba hampendi. Anajua fika akishakuwa mke wa wakili, kiti chake ofisini kitakaliwa na mwingine, naye atabaki nyumbani kusubiri kusimuliwa kesi.

Angalieni na miaka yenyewe. Mwaka 1932 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kubana matumizi, na kifungu cha 213 kikasema idara ya serikali ikipunguza watu, waanze wale ambao wenzi wao nao wanalipwa na serikali. Walioondoka wengi walikuwa wake. Kikafutwa 1937. Na Della mwenyewe kwao walikuwa na uwezo, wakafilisika kwenye anguko la soko la hisa la 1929, ndipo akatafuta kazi. Aliyeona nyumba yao ikianguka hivyo haachi mshahara kwa ajili ya pete.

Hoja yangu: ule utata haukuwa aibu ya wapenzi. Ulikuwa bei ya ajira. Karibuni.

Jibu:
Mkuu umelipamba mno. Hii ni biashara ya runinga. Kipindi cha kila wiki kinataka watu warudi walivyokuwa wiki iliyopita. Waoze leo, kesho una mke anayenuna kwa sababu mumewe yuko na mteja mrembo hadi alfajiri. Della pale ni kama dawati: lazima liwepo, ofisi ionekane ofisi.

Jibu:
Dawati haliposwi, kaka. Na likiposwa halikatai.

Ila na mtoa mada nina neno. Bosi anayeposa, anakataliwa, anarudia tena, wewe umemwona mpenzi mvumilivu? Niliwahi kuwa na bosi wa hivyo. Mpole, hana tusi, hajanigusa hata mkono. Lakini kila baada ya miezi kadhaa: "Umefikiria?" Unaanza kuchagua saa ya kupeleka faili. Della hachoki kwa sababu aliyemtunga vitabuni ni mwanamume. Huko kwao Mahakama ya Juu ilikuja kutamka 1986, kesi ya Meritor dhidi ya Vinson, kwamba unyanyasaji wa kingono kazini ni ubaguzi chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Na Gardner alikuwa na lake. Alitengana na mkewe miaka mingi bila talaka. Mke alipofariki 1968, mwaka huohuo akamwoa Agnes Jean Bethell, katibu wake wa siku nyingi, ambaye watu husema ndiye Della wa kweli.

Jibu:
Toleo jipya la runinga ya HBO la 2020 limemfanya Della apende wanawake. Swali limekufa, twendeni tukalale.

Jibu:
Halijafa. Mimi ni wa sheria, niruhusuni kidogo. Mwaka 1985 walirudi na filamu, Della anashtakiwa kwa mauaji na Mason anamtetea. Sasa ameshakuwa mteja! Kanuni za mfano za chama cha mawakili cha Marekani, tangu 2002, zinamkataza wakili mahusiano ya kingono na mteja, isipokuwa kama yalikuwepo kabla hajaanza kumwakilisha. Kwa hiyo hilo swali mnaloliona la umbea, mbele ya kamati ya nidhamu lingekuwa la msingi kabisa: yalikuwepo au hayakuwepo? Watazamaji waliowafuatilia miaka tisa wasingeweza kutoa ushahidi.

Mtoa mada:
Wakili umenichekesha. Dada, hapo umenibana, na la bosi wako limenikaa. Nilimsoma Della nikasahau kumsoma Mason.

Lakini tukae hapohapo 1985. Filamu inapoanza Mason ni jaji wa rufaa, na Della ana bosi mwingine. Huyo ndiye aliyeuawa. Ili amtetee, Mason anajiuzulu ujaji. Miaka yote hiyo vitabuni ndoa ilimtaka Della aache kazi, mwisho aliyeacha kazi ni Mason. Burr aliendelea kuigiza hadi alipofariki 1993. Ndoa haikufungwa.

Aliyesema dawati, bado upo?