Narudi na Golf yangu kutoka Japani, stika inasema haioku tu. Nyumbani nitaweka mafuta gani?

Mwana_Iringa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Mkataba wangu wa kazi Nagoya umeisha na mwisho wa mwezi ujao narudi nyumbani moja kwa moja. Gari nimeamua kuja nayo. Ni Golf 1.2 TSI ya 2014, naijua nje ndani, servisi zote nimesimamia mwenyewe na haijawahi kunilaza njiani.

Kinachoninyima usingizi ni mafuta. Ndani ya kifuniko cha tanki kuna stika ya Kijapani inayosema haioku tu, yaani petroli ya okteni ya juu. Huku sheli zina petroli za aina mbili, regyula na haioku, na miaka minne yote nimejaza haioku, yeni 10 na ushee zaidi kwa kila lita. Sheli za kwetu nazikumbuka: petroli, dizeli, basi. Shemeji yangu ameniambia niiuze hukuhuku, maana petroli ya bongo itaimaliza injini ndani ya mwaka.

Gari itakaa Iringa, ikiteremka Dar kama mara moja kwa mwezi. Niiuze au nije nayo? Na nikija nayo, kuna dawa ya kumimina tankini, au kuna vituo maalumu?

Fundi_Plagi

Usiuze, mdogo wangu. Stika hiyo imewatisha wengi.

Haioku ni jina la pampu, halikuambii namba. Kwa kiwango cha Japani, regyula haitakiwi kushuka chini ya RON 89 (RON ni kipimo cha okteni) na haioku haitakiwi kushuka chini ya 96. Katikati hapo hakuna pampu nyingine. Sasa Golf imeundwa kwa ajili ya Ulaya, ambako petroli ya kawaida ya kila siku ni 95. Ilipopelekwa Japani, 89 ikawa haitoshi, wakabaki na haioku peke yake. Ndiyo maana magari ya Ulaya yanayouzwa Japani karibu yote yana stika hiyo, hata yale madogo ya kwendea sokoni. Tafuta kitabu cha injini hiyohiyo cha toleo la Uingereza, utakuta 95. Ibebe namba hiyo kichwani, hilo neno la haioku liache Nagoya.

Binti_Sinza

Samahani kaka Fundi, hiyo okteni hasa ni nini? Mimi miaka yote nilidhani ni nguvu ya mafuta, kwamba ya juu inakimbia zaidi na inasafisha injini.

Fundi_Plagi

Dada, okteni ni uvumilivu wa petroli. Pistoni inapopanda inagandamiza hewa na mafuta mpaka vinapata joto kali. Petroli nzuri inangoja cheche ya plagi ndipo iwake. Yenye okteni ndogo kuliko injini inavyotaka, inashindwa kungoja: kipande chake kinalipuka chenyewe pembeni huku moto wa plagi bado unasambaa, na mawimbi mawili yanagongana juu ya pistoni. Hapo ndipo unasikia mlio kama punje za mahindi zinamwagwa kwenye bati, hasa ukiwa mlimani, gia kubwa, mwendo mdogo. Usiuchanganye na ile "injini imenoki" ya mtaani, ambayo ni beringi zimekwisha.

Nguvu iliyomo kwenye lita haiongezeki eti kwa sababu okteni ni kubwa. Ukiweka 98 kwenye Vitz iliyoundwa kwa regyula ya Japani, umetoa hela bure. Na usafi unatokana na viongezi ambavyo kampuni inatia, hilo ni jambo lingine.

Gari za sasa zina sensa inayosikiliza mgongano huo. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche kidogo. Unapoteza nguvu kiasi na mafuta yanaliwa zaidi, lakini injini inasalimika.

Mtz_Denver

Naongezea kwa walio Marekani, maana ndugu zangu wengi wanakosea hapa. Pampu za huku haziandiki RON. Zinaandika wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na MON siku zote ni ndogo. Kwa hiyo 87 ya Marekani ni kama RON 91 au 92, na 91 ya huku inakaribia 95 ya Ulaya. Mtu akitoka huku na gari ambayo kifuniko kinasema 87, akafika nchi ambayo pampu inasoma 91, asidhani amepata kitu cha juu. Ni kilekile.

Halafu kuna suala la mwinuko. Hapa Denver, mita 1,600 hivi juu ya bahari, kuna hadi pampu ya 85, kwa sababu hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) haigandamizi sana. Iringa nako ni zaidi ya mita 1,500. Ila Golf yako ina tabo, na tabo inaifidia hewa hiyo, kwa hiyo usijipunguzie namba kwa kuwa unaishi juu.

Boksa_Moro

Mimi nitasema upande wa pili, maana limenikuta. Nilinunua Subaru ya tabo iliyotoka Japani ikiwa imeshachezewa: busti (shinikizo la hewa ya tabo) imeongezwa, kompyuta imepangwa kwa haioku ya kule, ambayo mara nyingi inafika karibu 100. Sikujua. Nikaitembeza Morogoro–Dodoma na petroli ya kawaida, mizunguko ya injini juu, mzigo nyuma. Mwezi wa tano pistoni moja ikapasuka kingo za ringi. Fundi alipoifungua nilikaa chini kabisa, kwa sababu fedha ile niliikusanya kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo nakubaliana na Fundi kuhusu Golf ya kiwandani. Lakini gari za Kijapani zenye tabo, stika yao ya haioku ina uzito mwingine, maana hizo ziliundwa kwa haioku yenyewe. Mwana_Iringa, una hakika kompyuta ya gari yako haijaguswa na mtu?

Mwana_Iringa

Pole sana kaka Boksa, hilo ni pigo. Yangu nilinunua kwa mwenye gari wa kwanza, mama mtu mzima, na karatasi zote za servisi ninazo. Haijaguswa.

Swali langu lililobaki: hiyo 95 nyumbani naipata wapi? Na madini ya risasi kwenye petroli je? Shemeji anasema yataua masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi.

Dereva_wa_Tanka

Risasi sahau. Afrika kusini ya Sahara tuliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, 2021. Masega yako yako salama.

Kuhusu wapi: petroli ya Tanzania inaagizwa kwa pamoja, meli inashusha Dar, Tanga au Mtwara, na kampuni nyingi zinagawana mzigo mmoja. Mimi nimepakia lori kwa niaba ya kampuni tofauti kutoka kwenye bohari moja. Kwa hiyo kuhama sheli ya rangi hii kwenda ya rangi ile ukitafuta okteni kubwa hakukusaidii sana, isipokuwa kwa vile vituo vichache vyenye pampu ya daraja la juu.

Kitakachokuumiza ni mafuta yaliyochakachuliwa. Mafuta ya taa okteni yake iko chini mno, na kiasi kidogo tu kikiingia kwenye petroli kinaishusha. Serikali inatia vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta ili wachakachuaji wakamatwe, na imesaidia, ila usinunue kwenye madumu barabarani hata uwe umekwama. Jaza kwenye kituo chenye magari mengi, tanki lao linageuka haraka. Omba risiti kila mara.

Fundi_Plagi

Sahihi kabisa. Mimi nikimpangia mteja huwa nachukulia tankini mna 93, ikizidi ni heri. Kwa Golf ya 1.2 hiyo tofauti sensa inaibeba. Wewe usikanyage mafuta mpaka chini ukiwa gia kubwa na mizunguko ya injini iko chini, teremsha gia mapema. Weka plagi za namba aliyotaja mtengenezaji, si zile za "zinaingia tu".

Dawa za chupa achana nazo. Chupa ikisema inaongeza "pointi tatu", mara nyingi ni sehemu tatu za kumi za namba moja, yaani 95 inakuwa 95.3. Nyingine zina manganizi, ukifungua plagi unaikuta nyekundu kama imepakwa udongo.

Mwana_Iringa

Wakuu, nimerudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi PM (ujumbe wa faragha). Gari ilitoka bandarini wiki tatu zilizopita. Ilikuwa na haioku kidogo tankini, nikajaza petroli ya kawaida Mbezi juu yake, nikafunga kifaa cha kusoma kompyuta na kuondoka alfajiri.

Mpaka Ruaha Mbuyuni sikuona tofauti yoyote. Mlima wa Kitonga ndio nilikuwa nauogopa. Nimepanda nyuma ya malori, watu wanne na mabegi, gia ya pili na ya tatu. Kwenye kona mbili nilimwona kompyuta anachelewesha cheche nyuzi tatu hivi, kisha anarudisha. Mlio wa mahindi kwenye bati sikuusikia, redio nilizima makusudi. Juu kabisa nilisimama nikanunua vitunguu, nikampigia shemeji simu nikiwa palepale.

Boksa_Moro, nitakutafuta PM. Kuna fundi Nagoya anauza pistoni za Subaru zilizotumika kwa bei ndogo, na rafiki yangu aliyebaki kule yuko tayari kukutumia.