Naomba ushauri: kamera na familia kwenye bustani ya burudani, nibebe nini na nipige saa ngapi?

Baba Neema

Habari zenu wakuu,

Tunakwenda likizo na familia kwenye bustani kubwa ya burudani, zile zenye rola kosta, michezo ya maji, gwaride la mchana na fataki usiku. Tupo mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka tisa anayependa vitu vya kasi, mdogo wake wa miaka minne ambaye hajafika kimo cha michezo mingi, na mama yangu mzazi.

Vifaa nilivyonavyo ni kamera ya kubadilisha lenzi yenye sensa ya fremu kamili, lenzi ya 24-70 f/2.8, ya 70-200 f/2.8, ya 35 f/1.8 (namba za mwanzo ni milimita: kubwa huvuta vitu vya mbali, ndogo huchukua eneo pana; na f ikiwa ndogo mwanga unaoingia ni mwingi zaidi), fleshi na tripodi ya safari. Vyote pamoja na begi vinakaribia kilo sita, na hapo sijaweka maji, kofia na nguo za kubadilisha za mtoto.

Mke wangu ameniambia wazi kwamba hataki likizo igeuke kazi ya picha, na anataka na mimi nionekane kwenye picha. Nakubaliana naye kabisa. Ila watoto wakiwa umri huu hawarudi tena, na mama ndiyo safari yake ya kwanza ya namna hii. Picha za simu pekee hazinitoshi.

Kwa waliowahi kufanya hivi: mlibeba nini, mliacha nini, na mligawaje muda ili familia isikae inamsubiri mtu mmoja? Na kamera mliiweka wapi mkiwa mnapanda?

LenziMoja

Mkuu, beba kamera na hiyo 35 f/1.8 tu. Sisemi hivyo kwa sababu ya uzito peke yake. Kwenye bustani hizi picha nyingi utazipigia mahali penye mwanga hafifu: foleni za ndani, maonyesho ya jukwaani, michezo ya kupita gizani kwa kigari, mitaa yenye taa usiku. Sehemu nyingi za namna hiyo fleshi hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa ingeharibu taa zote walizozipanga. Ukitoka f/2.8 ukaenda f/1.8 mwanga unaoingia ni zaidi ya mara mbili. Hiyo ndiyo tofauti ya uso wa mtoto kuonekana vizuri na uso kuvurugika kwa sababu shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, ilikuwa polepole.

Halafu hutabadilisha lenzi katikati ya watu na vumbi. 70-200 iache nyumbani bila kufikiria mara mbili.

Mama Zawadi

Nakubaliana na LenziMoja kuhusu 70-200, ila kwenye 35 peke yake sikubaliani. Gwaride likipita, mhusika anayependwa na mtoto anaweza kuwa juu kabisa ya gari la maonyesho, na kwa 35 atatokea mdogo sana. 24-70 inakupa gari zima linapokuja, kisha sura linapofika mbele yako. Mimi ningebeba hiyo asubuhi na mchana, ile 35 ingekaa hotelini mpaka jioni.

Kuhusu gwaride lenyewe, kaeni upande ambao jua litakuwa nyuma yenu, na mfike nusu saa kabla. Kama bibi hapandi michezo ya kasi, muulize kama atapenda kukaa na mjukuu mdogo kivulini kushika nafasi. Wazee wengi hufurahia sana muda huo, na nyinyi mnapata nafasi ya kwenda kupanda kitu kimoja. Gwaride likianza, piga magoti, kamera iwe usawa wa macho ya mtoto. Wahusika humwinamia mtoto, na ukiwa chini na wewe utapata macho yao. Ukisimama utapata visogo.

Alfajiri

Vifaa vimeshasemwa, mimi naongelea muda, kwa sababu ndio unaoleta ugomvi.

Saa za mwanga mzuri kwa siku ni chache: ile ya kwanza baada ya geti kufunguliwa, na ile ya kabla ya jua kuzama mpaka taa ziwake. Katikati hapo jua liko utosini, kofia zinatupa kivuli machoni, watoto wamechoka. Muda huo kamera ikae ndani ya begi, na begi ikiwezekana lirudi hotelini na watu wakalale kidogo. Hutakosa chochote.

Fikeni getini kabla ya kufunguliwa. Zile dakika za mwanzo njia kuu bado ina watu wachache, na ndipo unapopata familia nzima mbele ya jengo kubwa la bustani bila umati nyuma. Usiku vilevile, wakati wa kufunga, wacheni watu watangulie kutoka. Umati ukishapungua njia hubaki karibu tupu na taa zote zinawaka.

Sasa sikiliza hili la mtoto wa miaka minne, maana kwako ni faida. Bustani nyingi zina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanda na mtoto mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Disney wanauita Rider Switch. Ukiwa wewe ndiye uliyebaki, hapo una muda halali wa kupiga picha na hakuna anayekusubiri. Tafuta mahali treni inapoinama au inapotoka kwenye handaki. Treni ya kwanza itumie kujaribia: shata 1/1000 ya sekunde au ya kasi zaidi, fokasi iweke kwenye kipande cha reli watakapopita, uifunge hapo, kisha upige mfululizo. Mke wako akutumie ujumbe wamekaa safu ya ngapi na upande gani. Treni yao ikitokea unajua pa kuangalia. Picha ya mama na binti midomo wazi, nywele zimesimama, huwezi kuipata ukiwa umekaa nao ndani ya treni.

Na mdogo naye mshirikishe, akuhesabie treni zinazopita. Asiwe mzigo uliosimama kando ya baba.

FundiBetri

Swali la kamera iwekwe wapi halijajibiwa.

Kwenye mchezo wa kasi kamera haipandi nawe, iwe shingoni, iwe chini ya shati. Ikichomoka kwa ile kasi inaweza kumuumiza vibaya aliye nyuma. Wahudumu watakuzuia, na wana haki. Bustani za Universal kule Orlando, Marekani, zina rola kosta ambazo unapita kwenye kigundua vyuma kabla ya kufika kwenye treni, kwa hiyo hata simu mfukoni haipiti. Kabati za kufungia mizigo ziko karibu na mlango wa mchezo, lakini za bure mara nyingi ni ndogo. Kwa hiyo usichukue begi gumu la kamera. Chukua begi laini la mgongoni la kawaida na uifunge kamera ndani ya mfuko wa sponji. Begi la namna hiyo pia halimwambii mwizi kilichomo.

Michezo ya maji: mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo mara tatu kisha unaubana, na simu za familia nzima ziingie humo. Hata waliosimama darajani kuangalia hulowa, kwa hiyo usimame mbali.

Tripodi: soma kanuni za bustani mnayokwenda kabla ya kufunga mizigo. Kuna wanaokubali fupi inayoingia kwenye begi la mgongoni na wanaokataa kabisa. Fimbo za selfi Disney walizipiga marufuku tangu 2015, usipoteze nafasi.

Betri za akiba zipande nawe ndani ya ndege, zisiwekwe kwenye mizigo ya chini, na kila moja iwe kwenye kifuko chake ili ncha zake za umeme zisigusane na chuma. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali cha shirika la ndege ni saa-wati 100 (kipimo cha nishati inayobebwa na betri). Betri za kamera ziko chini sana ya hapo, na hata pawabanki ya mAh 20,000 ni kama 74.

La mwisho, ambalo wengi hawaliwazi. Ukilala na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha ukatoka kwenye joto lenye unyevu, lenzi itajaa ukungu papo hapo, na ule muda wa getini aliousifia Alfajiri utauona ukipita. Usifute kila mara na usifungue lenzi. Kabla ya kutoka chumbani ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki uliobana vizuri, uiache humo kama nusu saa ukiwa nje. Unyevu utaganda juu ya plastiki badala ya kioo. Njiani kuelekea getini muda huo unatosha.

Bi Salma

Naomba niseme kwa niaba ya mkeo, maana na mimi nimeolewa na mpiga picha na nampenda.

Picha zenyewe haziumizi. Kinachoumiza ni “rudini tena hapo”, “mwambie atabasamu”, “ngoja nibadilishe lenzi”, huku mtoto anataka choo. Sisi nyumbani tulikubaliana kwamba tukio halirudiwi. Likipita limepita. Tangu hapo yeye ndiye anayejiandaa mapema, na sisi tunaendelea na shughuli zetu. Picha zenyewe zimekuwa nzuri zaidi, kwa sababu watoto hawaigizi tena.

Jambo lingine, usikague picha kwenye kioo cha kamera mkiwa kwenye foleni. Foleni ndiko mazungumzo yalipo. Bibi atakuwa anasimulia kitu, binti atakuwa na wasiwasi kabla ya kupanda na anataka mkono wako. Kagua usiku wakishalala.

Na kuhusu wewe kuonekana: iweke kamera kwenye otomatiki, panga wewe mwenyewe picha ilivyo, mwonyeshe mkeo asimame wapi na abonyeze nini, kisha uende ukakae na watoto. Wapiga picha wa bustani nao mara nyingi hukubali kupiga kwa kamera yako ukiwaomba kwa adabu. Angalau mara moja kwa siku picha iwe ya watu wote watano. Mama yako akiirudisha nyumbani ataiweka ukutani hiyo, hataweka ya rola kosta.

Baba Neema

Bi Salma, nimemsomea mke wangu ujumbe wako wote na amesema nikushukuru sana. Hilo la tukio kutorudiwa tumelichukua kama lilivyo.

Wakuu wote ahsanteni. 70-200 na fleshi zinabaki nyumbani. Mchana nitatembea na 24-70, jioni 35. Kati ya saa tano na saa kumi kamera haitoki kwenye begi.

Bado nina swali la fataki. Nimesoma kanuni za bustani yetu, tripodi fupi inaruhusiwa. Je, inafaa kuibeba kwa ajili ya usiku tu?

LenziMoja

Ibebe usiku mmoja tu, mkuu, na uuchague mapema. Siku hiyo: ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100, f/8 mpaka f/11, shata iwe wazi sekunde mbili mpaka tano. Fokasi iweke kwa mkono kwenye taa ya mbali kabla onyesho halijaanza, na kitulizaji cha lenzi ukizime. Angalia upepo unaelekea wapi, usisimame unakopeleka moshi. Milipuko ya mwanzo ndiyo misafi, baadaye moshi unajaa, kwa hiyo dakika za kwanza piga kwa bidii. Usizuie njia, na usiinue tripodi juu ya vichwa vya watoto walio nyuma yako.

Usiku mwingine wowote geuka, uzipe fataki mgongo. Kwa 35 yako, f/1.8, ISO 3200 au 6400, shata 1/60, piga nyuso za watoto na bibi pale mlipuko unapowamulika. Anga likiwa jekundu na wao wanakuwa wekundu, likigeuka kijani nao wanageuka. Nakuhakikishia hizo ndizo utakazochapisha.

Mama Zawadi

Nyongeza kwa huyo wa miaka minne: mlipuko ni mkubwa sana kwa masikio yake. Mtafutie vile vizibo vikubwa vya kufunika masikio, na avijaribu nyumbani kwanza. Akianza kulia usiku huo, tripodi ikunjwe muondoke naye. Simameni pembeni, karibu na njia ya kutokea, siyo katikati ya umati.

Baba Neema

Tumeelewana. Vizibo naviagiza leo. Kuna kitu chochote cha kufanya kabla ya kuondoka ambacho sijauliza?

FundiBetri

Vitatu. Beba kadi mbili au zaidi za kati kuliko moja kubwa, na usifute hata moja mpaka picha ziwe sehemu mbili tofauti. Kwa kamera ya megapikseli 24 ukipiga RAW (faili ghafi, kubwa kuliko picha ya kawaida), kadi ya GB 64 inakupa takriban picha elfu mbili, inatosha.

Pili, pima begi likiwa limejaa, ulivae nyumbani saa nzima ukifanya shughuli zako. Likikuchosha hapo, punguza tena.

Tatu, mkifika tu, weka saa ya kamera iendane na ya simu mpaka dakika, na ya mkeo pia. Mtakuwa mnapiga wote wawili, na mkiziunganisha picha za kamera na za simu zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku, wewe ukiwa chini unasubiri treni na yeye akiwa juu na binti.