Vijana wa kanisani kusoma riwaya na mashairi "ya kidunia", mnalionaje?

MwlMakulu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mawazo yenu hasa nyie wa hapa Dodoma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari na kanisani nasaidia idara ya vijana, wengi wako kidato cha tatu mpaka cha sita na wachache wako vyuoni, UDOM na St John's. Sasa nikaomba kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya tuwe tunakaa kama saa moja hivi tunasoma kitu pamoja, iwe tamthilia, riwaya fupi, shairi, halafu tunajadili kama watu wanaomjua Kristo. Kwenye kikao mzee mmoja tunayemheshimu sana akasema kijana wa kanisa asome Neno inatosha, hivyo vingine vimejaa uzinzi na uchawi na ulevi, mkivileta humu ndani mnawalisha watoto sumu tena kwa mikono ya kanisa.

Namwelewa mzee kabisa. Ila watoto hawa hawa shuleni wanavisoma hivyo vitabu, wanakariri dhamira na wahusika na tamathali za semi, wanajibu mtihani wanapata alama zao, na hamna mtu hata mmoja anayewauliza hiki kitabu kinasema kweli kuhusu mwanadamu au kinadanganya. Jioni wako kwenye simu na tamthilia za Kikorea na bongo fleva. Yaani kukutana na sanaa wameshakutana nayo zamani, kinachoniumiza ni kwamba wanakutana nayo peke yao.

Sasa je, kuna msingi wowote wa Biblia wa Mkristo kufurahia kazi ya mtu asiyeamini? Na mpaka tunauweka wapi? Kama kuna kanisa limeshafanya hivi mniambie mlianza na nini.

MamaNeema_Nkuhungu

Amina mwalimu. Mimi niko upande wa mzee wenu, na sio kwa ukali, ni kwa sababu nina binti kidato cha nne. Wafilipi 4:8 iko wazi, yaliyo ya kweli, ya staha, ya haki, yaliyo safi, hayo ndo tuyatafakari. Sasa nichukue Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971 ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, nimpe binti yangu, atakuwa anatafakari nini? Nimeisoma, na kipaji cha mwandishi sikibishi, sentensi zake fupi na zinakata. Lakini kipaji sio utakatifu. Dhahabu waliyotoka nayo Misri ndo hiyo hiyo ilitengeneza ndama kabla haijatengeneza vyombo vya hema. Na nyoka wa shaba Musa alimtengeneza kwa agizo la Mungu mwenyewe, ila baadae watu wakaanza kumfukizia uvumba mpaka Hezekia akamvunjavunja (2 Wafalme 18:4). Kitu kinaweza kuanza vizuri kabisa, kizuri hata kwa macho, halafu kikachukua nafasi ya Mungu moyoni mwa mtu na yeye hajui. Hicho ndo naogopa, sio vitabu.

Mtumishi_Msalato

Mama hoja yako ni nzito na naipokea, hasa hiyo ya Hezekia, watu wanaopenda sanaa huwa tunairuka.

Ila angalia Wafilipi 4:8 inaanza na nini. Inaanza na yaliyo ya kweli, ndo inafuata staha. Na Biblia hii hii ina Waamuzi 19, ina Yuda na Tamari, ina Daudi juu ya dari akimwangalia mke wa mtu anaoga. Haikufichi uovu, lakini hata sehemu moja haijauremba utamanike. Mwalimu kwangu mpaka uko hapo, kitabu kinaufanya nini uovu kinaousimulia, kinaupaka mafuta au kinakuonyesha jinsi unavyokula watu? Hiyo riwaya ya Kezilahabi baba mtu, Zakaria, ni mlevi na kwa mabinti zake mkali wa kupitiliza, binti anatoka tu kwenye fimbo ya baba hana pa kujishikia anaharibikiwa. Mimi nikiisoma naona inatusema sisi wazazi wa kanisani kuliko inavyowasema mabinti. Nisingempa mtoto wa kidato cha pili. Wazazi ningewapa.

Kuhusu msingi: Danieli na wenzake walikataa chakula cha mfalme, hilo linahubiriwa kila mwaka, lakini kwenye sura hiyo hiyo ya kwanza walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, na mstari wa 17 unasema Mungu ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi katika elimu hiyo. Mezani walikataa, vitabu walisoma. Paulo naye pale Athene, Matendo 17:28, anataja mshairi wa Kiyunani, maneno "sisi sote tu wazao wake" yanapatikana kwa Arato, mtu wa Kilikia kama Paulo mwenyewe, na shairi lenyewe lilikuwa linamsifu Zeu! Hakuligusa kwa kijiti kwa mbali, alikuwa analijua kichwani, na akajua kipande gani ni kweli na hiyo kweli ni ya nani hasa.

Halafu Nathani. Angeingia kwa Daudi na amri ya usizini mkononi mfalme angepata maneno ya kujitetea, wafalme hawakosi maneno. Akaja na hadithi ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, Daudi akakasirika kweli kweli kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na alipokuwa katikati ya hasira ndo akaambiwa wewe ndiwe mtu huyo. Hadithi ilimfikia mahali ambapo amri alikuwa anaijua na bado aliivunja.

MgogoWaIhumwa

Mbukwenyi! Uzi mzima wa watu wa Dodoma mmefika mpaka Athene na hamna aliyemtaja Mathias Mnyampala?? Mgogo wa hapa hapa Ihumwa, alizaliwa 1917 akafariki 1969, Mkatoliki. Lugha ya nyumbani kwao Kigogo lakini Kiswahili alikiandika mpaka akawa mmoja wa viongozi wa UKUTA, chama cha washairi, na ngonjera wanazoghani watoto wetu kwenye kila sherehe ya kitaifa ni yeye aliyezipa umaarufu.

Sasa sikilizeni hapa. Huyu mtu 1963 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu, 1965 akatoa Utenzi wa Zaburi. Utenzi ni wa nani? Umelelewa na Waislamu wa pwani karne na karne, habari za Mtume na maswahaba, mawaidha ya wazazi kwa watoto. Ubeti mishororo minne, mizani nane nane, mitatu ya kwanza inafunga kina kimoja na wa nne unabeba kina kinachotembea utenzi mzima, sio kazi ndogo kuushika huo mwendo kwa mamia ya beti bila kujazia maneno matupu. Mnyampala aliujifunza kwa wenyewe, akauheshimu, akakaa chama kimoja na wenyewe, ndo akamsimulia Kristo ndani yake. Angefuata msimamo wa usisome cha asiye wa imani yako mizani angejifunzia wapi? Mwalimu anza na huyo, na mzee wenu hatakuwa na neno maana ni Zaburi.

Sauti_ya_Pili_Chamwino

Shalom. Mmebaki kwenye vitabu, mimi ni mwalimu wa kwaya ngoja niseme la muziki maana linanichoma.

Bibi zetu walipobatizwa wengi waliambiwa ngoma ibaki nje. Na tuwatendee haki wazee, muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, ilikuwa na uhusiano na unyago, kwa hiyo wasiwasi wao haukutoka hewani. Lakini kilichoachwa nje ni kikubwa mno. Wanawake wa Kigogo wameshika ngoma katikati ya mapaja wanapiga, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaingia juu yake na chini yake na hakuna aliyewapangia sauti kwenye karatasi, huo upatano ukiulazimisha ukae kwenye do re mi unakufa. Njooni tamasha la muziki wa Cigogo hapa Chamwino msikie. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, zeze na ilimba lake, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, vilisikilizwa Ulaya huko na watu wasiojua neno moja la Kigogo, sisi tuliozaliwa nayo tunaona aibu kuipeleka madhabahuni. Wakati huo huo wimbo wa Mfurahini Haleluya, maneno ya mchungaji wa Kilutheri Bernard Kyamanywa, 1966, kwa mahadhi ya asili ya hapa nyumbani Tanzania, leo uko kwenye vitabu vya nyimbo vya makanisa ya nje.

Na lingine ambalo hatusemi. Kwaya nyingi sasa hivi ni kinanda kile kile, mdundo ule ule, mashairi yameokotwa okotwa, video watu wamesimama mbele ya maua wanapunga mikono, ukikosoa unaambiwa huduma haikosolewi. Kazi mbovu ikitajwa jina la Yesu inabaki kazi mbovu, na jina hilo linastahili zaidi ya hapo. Kutoka 31 Bezaleli anajazwa roho ya Mungu kwa hekima na maarifa na ujuzi, Mungu anataja ujuzi waziwazi! Kwa hiyo mwalimu vijana wako wafundishe pia kusema hiki kimetengenezwa vizuri na hiki hakijatengenezwa vizuri, hata kama kimetoka kanisani kwetu.

MwlMakulu

Mungu awabariki sana. Ya Mnyampala nimeichukua, tutasoma zaburi moja kwenye utenzi wake na ile ile kwenye Biblia, kisha waseme kipi kimeongezeka na kipi kimepungua. Wiki inayofuata Nathani, na baada ya hapo tamthilia mojawapo ya zile wanazosoma shuleni. Mzee nitamwomba aje akae nasi, nataka vijana wasikie hofu yake kutoka kinywani mwake mwenyewe. Kitu kingine, wanataka twende Kolo kule Kondoa kuona michoro ya mwambani iliyoingizwa urithi wa dunia 2006, wengine wanasita kwa sababu kuna watu bado wanafanyia matambiko huko. Twende?

Mtumishi_Msalato

Nendeni. Kutazama alichochora mtu sio kutambika, Paulo alizitazama ibada za Waathene kwa makini mpaka akasoma maandishi ya madhabahu. Wale waliochora walikuwa watu, waliona wanyama na watu wenzao wakataka vibaki, na sijui kama kuna mahali pazuri zaidi pa kuongea na kijana kuhusu mtu kuumbwa kwa mfano wa Muumba. Ulizieni kwanza watu wa mambo ya kale pale Kolo, mbebe maji, kuna kupanda.

MamaNeema_Nkuhungu

Nimesoma yote. Hilo la Danieli sikuwahi kuliwekea umakini na nitarudi kulisoma. Binti nitamruhusu, ila mwalimu naomba mawili, wazazi tupewe majina ya vitabu mapema sio siku hiyo hiyo, na mzazi anayetaka kukaa humo ndani aruhusiwe kukaa. Mimi nitakaa. Na huo Utenzi wa Zaburi unapatikana wapi, madukani hapa mjini sijawahi kuuona?

MgogoWaIhumwa

Mama ni vya zamani, madukani utahangaika. Jaribu maktaba za vyuo, St John's na UDOM, mwalimu ana vijana wake huko watakuangalizia.