Mwamba kuonekana ukipanda baada ya kutazama maporomoko

Swali: Nikikazia macho maji yanayoporomoka kwa dakika moja, kisha nikatazama mwamba ulio kando, huuona ukipanda ingawa umetulia. Chanzo ni jicho au ubongo?

Jibu la 1: Robert Addams alieleza jambo hilo mwaka 1834, baada ya kutazama maporomoko ya Foyers, Uskoti. Seli za neva zinazoitikia mwendo wa kushuka hupunguza mwitikio zikichochewa mfululizo, hivyo zile za kupanda huzizidi nguvu.

Jibu la 2: Naongeza jaribio ninalolipenda mno. Funika jicho moja unapotazama maji, kisha utazame mwamba kwa hilohilo lililofunikwa. Athari hubaki, japo hafifu, kwa kuwa taarifa za macho yote mawili hukutana ubongoni.

Muulizaji: Nimejaribu, na kweli mwamba umepanda.